Kodi ya hoteli Texas: fedha nyingi, matumizi machache yanayoruhusiwa

Mgeni anayelala usiku mmoja katika hoteli ya katikati ya jiji la Houston kwa dola 150 halipi dola 150 peke yake. Kwenye bili yake huongezwa kodi ya asilimia 17, yaani dola 25 na senti 50. Kati ya fedha hizo, dola 9 huenda kwa serikali ya jimbo la Texas, dola 10 na senti 50 kwa jiji la Houston na dola 3 kwa Kaunti ya Harris. Dola 3 zinazobaki huenda kwa mamlaka ya michezo ya kaunti na jiji, iliyoundwa mwaka 1997 kugharimia viwanja vikubwa vya Houston. Kwa hiyo mgeni wa hoteli anayepita Houston kuuza bima, hata kama hajawahi kutazama mechi ya besiboli maishani mwake, ana mchango wake katika uwanja wa besiboli.

Wengi wa wanaotandika vitanda katika hoteli hizo ni wasikilizaji wetu. Kwa miaka mingi Texas imekuwa miongoni mwa majimbo ya Marekani yanayopokea wakimbizi wengi, na kati yao wamo maelfu ya Wakongomani waliopitia kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda. Utawakuta Houston, Dallas, Fort Worth, na hata Abilene, mji wa ukubwa wa kati magharibi mwa jimbo. Usafi wa vyumba vya hoteli ni kazi ya kwanza kwa wengi wao, hasa akina mama, kwa kuwa haidai Kiingereza kingi. Anayesafisha vyumba kumi na vinne kwa zamu moja ana haki ya kuuliza: hizi dola zinazokusanywa kwa kila chumba ninachosafisha zinakwenda wapi? Mbona basi la mtaani kwetu halipiti usiku, na jiji linasema halina fedha?

Jibu fupi ni kwamba fedha zipo, ila jiji limekatazwa kisheria kuzitumia kwa jambo hilo. Jibu refu linahitaji kuifungua sheria yenyewe.

Maswali mawili ya lazima

Kodi inayotozwa na miji ya Texas inaongozwa na sura ya 351 ya sheria ya kodi ya jimbo. Sura hiyo inairuhusu miji mingi kutoza hadi asilimia 7 ya bei ya chumba, juu ya asilimia 6 ya jimbo. Kaunti nazo zina sura yao, ya 352, ambayo inatoa ruhusa kwa kaunti fulani tu, kila moja kwa masharti yake. Hatutaingia huko, kwa sababu kiini cha jambo kiko kwenye miji.

Kabla ya kutumia hata dola moja ya kodi hii, jiji linapaswa kuvuka milango miwili, na yote miwili lazima ifunguke. Swali la kwanza: je, matumizi haya yanakuza moja kwa moja utalii na biashara ya hoteli na mikutano? Swali la pili: je, matumizi haya yamo kwenye orodha iliyoandikwa na sheria? Likijibiwa ndiyo swali moja na hapana la pili, fedha haitoki.

Orodha yenyewe si ndefu. Kuna kujenga, kukarabati na kuendesha kumbi za mikutano na vituo vya habari kwa wageni. Kuna gharama za kuandikisha wajumbe wa mikutano. Kuna matangazo ya kuvuta watalii. Kuna sanaa kwa maana pana, kuanzia muziki na ngoma hadi uchoraji, filamu na maigizo. Kuna uhifadhi wa majengo na maeneo ya kihistoria, mabango ya kuwaelekeza wageni kwenye vivutio, na usafiri wa kuwapeleka watalii kutoka hotelini hadi kwenye vivutio hivyo. Michezo imo pia, kwa masharti tutakayoyaeleza. Kisha sheria inamaliza kwa katazo lililo wazi kabisa: fedha hizi haziwezi kuingia kwenye matumizi ya kawaida ya serikali ya jiji.

Basi la mtaani hukwama hapo. Basi linalowachukua watalii hotelini na kuwapeleka kwenye makumbusho linaruhusiwa. Basi linalomchukua msafishaji wa vyumba saa tano usiku na kumrudisha nyumbani ni huduma ya umma, kwa hiyo ligharimiwe na mfuko mwingine. Unaweza kusema kwamba bila huyo msafishaji mtalii hana kitanda, na hoja yako itakuwa na uzito. Lakini mawakili wa miji wanalisoma neno "moja kwa moja" kwa ukali, na wana sababu. Ukikubali hoja hiyo kwa basi, utaikubali pia kwa barabara anayopita mtalii, kwa maji anayooga na kwa askari anayemlinda, na mwishowe mlango utabaki bila kizuizi.

Hata sanaa, ambayo imo kwenye orodha, imewekewa kikomo. Kwa ujumla jiji haliruhusiwi kutumia zaidi ya asilimia 15 ya mapato ya kodi hii kwa sanaa. Houston, jiji kubwa kuliko yote jimboni, limewekewa kikomo chake la asilimia 19.3. Ukijiuliza namba ya ajabu hivyo ilitoka wapi, jibu ni kwamba sura hii ya sheria imejaa vipande vilivyoshonwa kwa ajili ya mji mmoja mmoja. Wabunge hawautaji mji kwa jina. Huuelezea kwa idadi ya watu, kwa kaunti uliomo, au kwa mto na pwani unayopakana nayo, mpaka ubaki mji mmoja tu unaolingana na maelezo. Ni kama kitendawili, na kila kikao cha bunge la Austin huongeza vingine.

Mfano wa uwanja wa mpira

Tuchukue mji mdogo wenye viwanja vya soka au besiboli ambavyo nyasi zimekwisha na taa zimeharibika. Wazazi wanataka ukarabati. Hoteli za mjini zimekusanya kodi na fedha zimelala benki. Je, mji unaweza kuzitumia?

Unaweza, ikiwa ni mmoja wa miji ambayo sheria inaipa ruhusa hiyo, kama uwanja ni mali ya mji na kama katika mwaka uliotangulia umetumika zaidi ya mara kumi kwa mashindano ya ngazi ya wilaya, jimbo, kanda au taifa. Kisha mji lazima ukadirie ni mapato kiasi gani yataingia kwenye hoteli kutokana na mashindano hayo kwa miaka mitano. Hauruhusiwi kutumia zaidi ya makadirio hayo. Na ikitokea kwamba wageni hawakuja kama ilivyotarajiwa, mji unatakiwa kurudisha tofauti hiyo kutoka kwenye mfuko wake mkuu. Katika sura nzima, hapa ndipo tunapoona sheria imeandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko kwingine: inauruhusu mji kubahatisha, lakini kwa fedha yake wenyewe.

Kwa sanaa na tamasha, mantiki ni hiyohiyo, ingawa kipimo hakina ukali kama huo. Sherehe ya mtaa inayohudhuriwa na majirani peke yao, hata ikiwa nzuri namna gani, haivuki mlango wa kwanza. Tamasha linaloleta watu kutoka miji mingine, wakalala, linavuka. Ndiyo maana fomu za maombi katika miji mingi huuliza vyumba vingapi vitajazwa, hoteli zipi zimetoa bei ya kikundi, na waliohudhuria mwaka uliopita walitoka wapi. Hili linawahusu wasikilizaji wetu kuliko wengi wanavyodhani. Kwaya na vikundi vya ngoma vya Waafrika Mashariki na Wakongomani hukusanya watu kutoka majimbo mbalimbali kwa makongamano ya mwisho wa wiki, watu wakajaza hoteli mbili au tatu, na hakuna anayehifadhi hata orodha ya vyumba. Sehemu ya kidini ya mkusanyiko italeta maswali mengine ya kisheria, lakini tamasha la muziki na utamaduni lililo wazi kwa umma linaweza kuomba kama tamasha lingine lolote. Litapimwa kwa ushahidi wa vyumba, na ushahidi huo unaanza kwa mtu mmoja mwenye daftari pale mapokezi.

Nani hasa analipa?

Kodi hii inatetewa kwa hoja moja kubwa: mlipaji ni mgeni, hapigi kura hapa, kwa hiyo ni haki fedha yake imrudie yeye kwa njia ya vivutio, matangazo na kumbi. Kwa sehemu kubwa hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kuna watu wanaolipa kodi ya utalii na si watalii.

Sheria ya Texas inamsamehe kodi hii mtu mwenye haki ya kukaa chumbani kwa siku 30 au zaidi mfululizo. Kama amejulisha hoteli kwa maandishi tangu mwanzo kwamba atakaa siku 30, hatozwi tangu siku ya kwanza. Asipojulisha, hutozwa mpaka siku 30 zitimie. Na malipo yakikatika katikati, msamaha unapotea.

Sasa fikiria familia iliyoondolewa kwenye nyumba ya kupanga, au iliyofika mjini bila historia ya mkopo ambayo wenye nyumba huidai, ikaingia kwenye moteli ya kando ya barabara kuu inayolipiwa kwa wiki. Chumba ni dola 60 kwa usiku. Kwa kiwango cha Houston, kodi ni dola 10 na senti 20 kila usiku. Kwa usiku 29 hiyo ni dola 295 na senti 80. Mwenye mshahara wa uhakika na anayeijua sheria angeandika barua siku ya kwanza na asilipe hata senti. Mwenye kipato cha kubabaisha hawezi kuahidi siku 30, kwa hiyo analipa. Kisha fedha yake, kisheria, haiwezi kutumika kwa makazi ya mtu kama yeye. Itatangaza jiji kwa wasafiri wa Chicago. Mashirika ya misaada nayo, yakimlipia mtu chumba, mara nyingi husamehewa kodi ya jimbo lakini si ile ya jiji.

Hatusemi kwamba kodi nzima ni dhuluma kwa sababu hiyo. Tunachosema ni kwamba anayejenga hoja yake yote juu ya msemo kuwa mgeni ndiye anayelipa, alipaswa kwanza kwenda kuangalia moteli.

Kumbi zinazokula kila kitu

Kati ya matumizi yote yanayoruhusiwa, ukumbi wa mikutano ndio mkubwa kuliko mengine. Ukumbi hujengwa kwa mkopo, mkopo hulipwa kwa kodi ya hoteli kwa miongo kadhaa, na mapato ya miaka ya mbele yanakuwa yamewekwa rehani kabla hayajakusanywa. Mwaka 2020, hoteli zilipobaki tupu kwa ajili ya janga la korona, madeni hayakusubiri. Kilichobaki kwa wengine kilipungua ghafla. Huko Austin wasanii waliokuwa wakitegemea sehemu yao ya kodi hiyo walikuwa miongoni mwa walioumia mapema.

Austin ni mfano mzuri wa mvutano huu. Mwaka 2019 halmashauri ya jiji hilo ilipandisha kodi kwa asilimia 2 ili kupanua ukumbi wake, na jumla ikafika asilimia 17. Mwaka huohuo wakazi waliopinga walikusanya saini na kulipeleka swali kwenye kura ya Novemba: matumizi ya ukumbi yabanwe, na upanuzi mkubwa usifanyike bila idhini ya wapiga kura. Pendekezo lao lilishindwa. Ukumbi wa zamani ulifungwa mwaka 2025 ili ubomolewe, na mpya, uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 1.6, umepangwa kufunguliwa mwaka 2029. Muda wote wa mjadala ule, suala la watu wasio na makazi lilikuwa halichezi mbali. Jiji lilitafuta njia ya kuwasaidia kupitia makubaliano na wenye hoteli, ya kutoza ada nyingine isiyofungwa na sura ya 351. Jiji likitaka kumsaidia mtu anayelala nje ya ukumbi, lazima lizunguke kodi inayojenga ukumbi.

Dallas ilipita njia nyingine. Huko nyongeza ya asilimia 2 ilipigiwa kura Novemba 2022 chini ya sheria inayolazimisha idhini ya wananchi kwa miradi ya aina hiyo, na wapiga kura wakakubali. Sehemu kubwa ni ya ukumbi wa mikutano, na hadi asilimia 20 ni ya kukarabati Fair Park, eneo la kihistoria kusini mwa jiji. Angalau watu waliulizwa.

Tukumbushe hata hivyo kwamba kumbi hizi si za wageni wenye tai pekee. Kimbunga Harvey kilipoifurika Houston mwaka 2017, watu wapatao 10,000 walipata hifadhi katika ukumbi wa George R. Brown. Jengo lililojengwa kwa ajili ya mikutano liligeuka kuwa makazi ya dharura kwa wenyeji.

Majimbo mengine yameamua vingine

Vikwazo vya Texas havikuteremka kutoka mbinguni. California kodi ya namna hii kwa kawaida huingia kwenye mfuko mkuu wa jiji, na halmashauri huamua kama inavyoamua juu ya kodi nyingine. Polisi, maktaba na barabara vyote vinaweza kufaidika. Colorado imechukua njia inayotuvutia zaidi. Mwaka 2022 bunge la jimbo hilo liliziruhusu kaunti, wapiga kura wakikubali, kutumia sehemu ya kodi ya malazi kwa nyumba na malezi ya watoto wa wafanyakazi wa sekta ya utalii. Kaunti za milimani zenye hoteli za kuteleza kwenye theluji zilikuwa zimefika mahali ambapo mtalii ana chumba lakini mpishi na msafishaji hawana pa kuishi. Colorado haikuubomoa ukuta wa utalii. Ilikubali tu kwamba mfanyakazi yumo ndani ya ukuta huo.

Kenya, kwa mlinganisho, ina ada ya utalii ya asilimia 2 inayokwenda kwenye mfuko wa taifa, na historia yake imefungamana na Chuo cha Utalii cha Nairobi kinachofundisha wapishi na wahudumu. Huko mfanyakazi alifikiriwa mapema, ingawa chuo cha utalii kilichojengwa Kilifi kwa zaidi ya muongo mmoja kinaonyesha kwamba kuwa na nia njema kwenye sheria hakuharakishi saruji kukauka.

Wenye hoteli wa Texas wana jibu, na ni haki lisikike. Wanasema asilimia 17 ni kati ya viwango vya juu nchini, kwamba kila nyongeza inampa mwandaaji wa mkutano sababu ya kwenda mji mwingine, na kwamba halmashauri zikifunguliwa mlango zitaziba mashimo ya barabara kwa fedha hizi, kisha zitasahau kabisa kutangaza jiji. Hofu ya mwisho si ya kubuni. Mfuko wenye fedha katika mwaka mgumu wa bajeti huwa na marafiki wengi.

Lakini kwa upande wa pili, usimamizi wa fedha hizi ni legevu kuliko ukali wa maneno ya sheria. Miji hutuma taarifa kila mwaka kwa mdhibiti wa fedha wa jimbo, ambaye huzipokea bila kuhukumu kila matumizi. Mwanasheria mkuu hutoa maoni anapoulizwa na maofisa wenye mamlaka ya kuuliza. Mahakama husubiri kesi. Kinachobaki ni macho, na macho yaliyo karibu zaidi ni ya wenye hoteli wenyewe, ambao chama chao kinazijua kanuni hizi kwa moyo na huwaandikia maofisa wa miji wanapoona fedha zimepotea njia. Wanalinda maslahi yao, na hatuwalaumu. Ila kwenye meza ya kugawana fedha hizi, mara nyingi upande mmoja ndio umekuja na wakili.

Anayetaka kukaa upande wa pili anahitaji kalenda. Mwaka wa fedha wa miji mingi ya Texas huanza Oktoba 1, kwa hiyo bajeti hujadiliwa hadharani Agosti na Septemba. Mikataba kati ya jiji na shirika la utalii au baraza la sanaa lazima iwe na bajeti iliyoidhinishwa na halmashauri kwa maandishi, fedha ziwekwe kwenye akaunti yake ya pekee, na taarifa zitolewe kila robo mwaka. Nyaraka hizo ni za umma, na mkazi yeyote anaweza kuziomba kwa barua chini ya sheria ya habari ya jimbo. Na kwa asiyejiamini kwa Kiingereza, sheria ya Texas tangu mwaka 2019 inasema kwamba anayezungumza mbele ya halmashauri kupitia mkalimani apewe angalau muda mara mbili ya wengine, isipokuwa pale penye vifaa vya kutafsiri papo hapo. Wengine wakipewa dakika tatu, anayezungumza Kiswahili ana sita.